Niliahidi kwamba hatatambulika

Swali la kwanza katika dodoso langu lilikuwa baya, na ilinichukua wiki tatu za vumbi la Chamwino, wilaya ya mkoani Dodoma, kuligundua. Liliandikwa hivi: "Je, mtoto wako ana utambulisho?" Nililitunga nikiwa maktaba, nikalipeleka kwa msimamizi wangu, likapita pia mbele ya kamati ya maadili ya utafiti, na hakuna hata mmoja wetu, watu watano au sita tuliosoma sheria kwa Kiingereza na tunaoishi kwa Kiswahili, aliyeiona kasoro yake. Aliyeiona ni bibi mmoja mkulima wa uwele na karanga, katika kijiji ambacho sitakitaja, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Wakati huo nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya sheria hapa Dodoma, na mada yangu ilihusu haki ya mtoto ya kuhifadhi utambulisho wake katika sheria za kimataifa. Nimeamua kuandika yaliyonikuta kwa sababu kila mwaka wanafunzi wawili watatu hunijia wakitaka kujua namna ya kufanya utafiti juu ya haki za watoto, na jibu langu limekuwa refu kiasi kwamba siwezi tena kulitoa nikiwa nimesimama mlangoni.

Nianze na kilichonivuta. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989, ukaanza kutumika tarehe 2 Septemba 1990, na Tanzania ikauridhia mwaka 1991. Ibara yake ya 7 inataka mtoto asajiliwe mara tu anapozaliwa, awe na jina, apate uraia na, kadiri inavyowezekana, awajue wazazi wake na kulelewa nao. Ibara ya 8 inakwenda mbele zaidi. Inazitaka nchi ziheshimu haki ya mtoto ya kuhifadhi utambulisho wake, ukiwamo uraia, jina na mahusiano ya kifamilia kama yanavyotambuliwa na sheria, na inasema kwamba mtoto akinyang'anywa isivyo halali sehemu ya mambo hayo au yote, nchi impe msaada na ulinzi unaofaa ili utambulisho wake urejeshwe upesi. Neno hilo la mwisho, upesi, nililisoma mara nyingi bila kusimama. Nitalirudia.

Ibara ya 8 ililetwa mezani na Argentina, na sababu yake inajulikana. Nchi hiyo ilikuwa imetoka katika utawala wa kijeshi uliodumu kuanzia 1976 hadi 1983, ambapo maelfu ya watu walikamatwa na hawakuonekana tena. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wajawazito waliojifungulia vizuizini, kisha watoto wao wakagawiwa kwa familia nyingine, baadhi zikiwa za wanajeshi wenyewe, na kuandikishwa kana kwamba wamezaliwa humo. Bibi za watoto hao walijikusanya mwaka 1977 na kuanza kudai wajukuu wao, na kundi lao likachukua jina la Plaza de Mayo, uwanja ulio mbele ya ikulu mjini Buenos Aires. Wao wanakadiria kwamba watoto walioibwa walifika 500, na hadi sasa zaidi ya 130 wamepatikana, wengi wakiwa tayari watu wazima. Kwa kuwa wazazi walikuwa wamekwisha kuuawa, damu ya kulinganisha ilibidi itoke kwa bibi na babu. Mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, Mary-Claire King, akasaidia kutengeneza hesabu ya kupima ujukuu, na mwaka 1987 Argentina ikaunda kwa sheria benki ya taifa ya taarifa za vinasaba.

Nakiri kwamba nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza niliyaweka katika sura ya historia na kuendelea mbele. Nilikwisha kuamua kwamba tatizo la kwetu ni vyeti. Nilikuwa na sababu: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja tu kati ya wanne wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara alikuwa amesajiliwa kuzaliwa kwake. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulikuwa umeanzisha mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, mpango ambao baadaye ulifika Dodoma na Singida. Kwa hiyo nilichukulia kwamba ukishaondoa umbali na gharama, utambulisho wa mtoto umekwisha kulindwa. Dodoso langu lilitoa majibu matatu ya kuchagua kwa mzazi ambaye hakumsajili mtoto: ofisi iko mbali, gharama ni kubwa, hakujua umuhimu.

Anayetaka kufanya utafiti wa namna hii ajue kwamba njia ya kumfikia mtoto hupitia kwa watu wazima wengi. Barua yangu ilitoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikateremka wilayani, ikaenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa afisa ustawi wa jamii, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, na nilipofika kwa mwenyekiti wa kitongoji ilikuwa na mihuri mingi kuliko maneno. Barua ya namna hiyo kila mtu huiita barua ya utambulisho. Niliibeba kwa siku nyingi mkobani, ndani ya bahasha ya kaki, bila kusikia kwamba ilikuwa inanijibu swali langu.

Bibi yule tulimkuta akipepeta uwele chini ya mbuyu ulio nyuma ya nyumba. Mwenyekiti alitangulia na "Mbukwenyi," naye akaitikia, mimi nikampa shikamoo, akanitazama kidogo kabla ya kusema marahaba. Nikasoma swali langu. Bibi akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa rambo wa zamani, wa kabla ya marufuku ya mwaka 2019, uliofungwa fundo. Akaufungua na kuanza kupanga vitu juu ya gunia: kadi yake ya mpiga kura, kadi ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, risiti ya mchango wa shule, picha ndogo mbili za pasipoti za binti yake, na mwisho kadi ya kliniki ya mjukuu wake wa kike wa miaka saba, ambayo kona zake zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mahali pa jina la mtoto paliandikwa "mtoto wa" na kufuatiwa na jina la mama yake. Jina la mtoto mwenyewe halikuwamo, maana siku kadi ilipoandikwa alikuwa bado hajapewa.

"Utambulisho upi unaoutaka, mjukuu wangu," akaniuliza, "wa karatasi au wa mtu?"

Sikuwa na jibu. Nikasema, kama wasemavyo watafiti waliobanwa, kwamba yote mawili. Basi akamwita mtoto yule, akamwambia, "Mwambie mgeni wewe ni wa nani." Mtoto akasimama wima, mikono nyuma, akataja jina lake, la mama yake, la babu mzaa mama, la baba wa babu, na la mzee aliyekuja hapo na ng'ombe wachache baada ya Mtunya, ile njaa kubwa iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia. Alisema bila kusita, kama mtu anayesoma tarakimu za simu ya nyumbani kwao. Kisha bibi akanigeukia: "Na wewe ni wa nani?" Nikataja jina langu na la baba, nikataja la babu, nikafika hapo nikakwama. Nikaonyesha barua. Mwenyekiti alicheka hadi akakohoa.

Ndipo nikauliza kwa nini mtoto hajasajiliwa, nikiwa nimeshika kalamu tayari kuweka alama ya vema kwenye mojawapo ya visanduku vyangu vitatu. Ofisi ya kata haikuwa mbali. Bibi alikwenda huko kila mara kwa mambo mengine. Gharama hakuitaja. Umuhimu aliujua vizuri, kwani alitaka mtoto asome. Alichokisema ni hiki: binti yake alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, akarudi na mimba, akajifungua, akaondoka tena na tangu hapo simu yake haipatikani. Baba wa mtoto hakuja, wala ukoo wake haukuleta mahari, kwa hiyo kwa desturi mtoto ni wa upande wa mama, na babu yake ndiye aliyempa jina. "Lakini karatasi yao ina mahali pa baba," akasema. "Nikienda watapaacha wazi. Hapa kijijini hakuna anayesema mtoto huyu hana baba. Karatasi ndiyo itakayosema."

Sikuwa na kisanduku cha jibu hilo. Jioni ile, nikiwa nimekaa nyuma ya bodaboda kurudi Chamwino mjini, upepo wa Agosti ukinijaza mchanga machoni, nilianza kuelewa kwamba nilikuwa nimekwenda kuuliza watu kama wanayo haki fulani, kumbe sikuwa nimejiuliza neno la haki hiyo lina maana gani katika lugha niliyokuwa nikiulizia. Katika Kiswahili, utambulisho umezaliwa na kutambua. Huwi na utambulisho peke yako chumbani. Sharti awepo mtu anayekutambua, na mtu anayekutambulisha kwake. Kitambulisho ni kile kitu cha kushika mkononi, na ndicho bibi alichokitoa mfukoni, kwa kuwa swali langu lilikuwa limeuliza kitu. Alichokitoa baadaye, mtoto aliyesimama wima akitaja watu wanne nyuma yake, ndicho Ibara ya 8 inachokiita mahusiano ya kifamilia.

Niliporudi mjini nilizisoma sheria upya, safari hii polepole. Jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa katika sheria ya nyumbani, ambayo nilikuwa nimeipitia haraka kwa imani ya kijinga kwamba sheria za ndani ni nakala hafifu za mikataba. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa pamoja na ndugu wa familia pana. Angalia kilichoongezwa na kilichoondolewa. Mkataba wa kimataifa unasema mtoto awajue wazazi kadiri inavyowezekana. Kifungu chetu hakina maneno hayo ya tahadhari, na kinawataja ndugu wa ukoo ambao ibara ya 7 haiwataji. Tena sheria hiyohiyo, inapoorodhesha ushahidi wa nani ni mzazi wa mtoto, inaweka pamoja jina lililoandikwa katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, kumkubali mtoto hadharani, na majibu ya vinasaba. Nilikaa na orodha hiyo siku nzima. Aliyeiandika alikuwa amewahi kukaa chini ya mbuyu, au alikuwa na bibi.

Upande wa Afrika nao uliniweka sawa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto ulipitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika tarehe 29 Novemba 1999. Ibara yake ya 6 inazungumzia jina, usajili na uraia, lakini hauna ibara inayolingana na ile ya 8 ya Umoja wa Mataifa. Katika pendekezo langu la utafiti niliita hali hiyo upungufu, na huenda ni upungufu kweli. Ila nilipousoma uamuzi wa Kamati ya Wataalamu ya Afrika wa Machi 2011, katika shauri la watoto wa Kinubi wa Kenya, niliona namna ibara fupi inavyoweza kubeba mzigo mkubwa. Wanubi wameishi Kenya vizazi kadhaa, tangu mababu zao walipoletwa na jeshi la kikoloni la Uingereza, lakini watoto wao walikuwa wakikua bila uhakika wa uraia, wakisubiri hadi miaka 18 ili waanze kuchunguzwa kama wao ni wa hapo. Kamati ilisema kwamba mtoto hapaswi kusubiri utu uzima ndipo nchi imtambue. Neno ni lilelile, kumtambua, ingawa mimi nalisema kwa Kiswahili na wao waliliandika kwa lugha nyingine.

Hapa nina jambo langu binafsi ambalo halikuingia katika tasnifu. Jina la babu yangu, kama yalivyo majina mengi ya Kigogo, lina h inayofuata n, na h hiyo ilipotea nikiwa darasa la kwanza, mwalimu alipoandika alichosikia. Sikuihisi ikiondoka. Nilipoomba mkopo wa elimu ya juu, ambapo cheti cha kuzaliwa hutakiwa kwanza kihakikiwe na RITA, cheti changu kilikuwa na h na cheti cha kidato cha nne hakina, na ikanibidi nikaape mbele ya wakili kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja. Nililipa ili mtu nisiyemjua athibitishe kwamba mimi ni mimi. Wakati ule niliona ni usumbufu wa kawaida, na isitoshe, hata jiji letu liko hivyo: wazee husema jina lake ni Idodomya, mahali alipozama tembo, na aliyeliandika akaandika Dodoma. Jiji halihitaji mkopo wala halifanyi mtihani, kwa hiyo limevumilia.

Sasa nifike kwa mtoto aliyenifanya niandike haya. Sehemu ya pili ya utafiti wangu ilihusu watoto waliotengana na familia zao wakiwa wadogo, na kwa ruhusa ya ustawi wa jamii nilizungumza na wachache wao, afisa akiwa amekaa karibu. Mmoja alikuwa mvulana wa miaka 12. Nimebadilisha mambo kadhaa ya habari zake ili asitambulike, na naomba msomaji alikumbuke neno hilo. Aliokotwa stendi ya mabasi katika mkoa mwingine akiwa na miaka mitatu au minne, akapelekwa katika kituo cha kulelea watoto, akakaa huko hadi miaka kumi, ndipo bibi yake mzaa mama, ambaye hakuacha kuulizia kila alipopata nauli, akampata. Alimtambua kwa kovu la moto mguuni na kwa namna anavyokunja midomo akikasirika, kama mama yake. Sasa waliishi pamoja.

Kabla ya mahojiano nilimsomea fomu ya ridhaa, maana mlezi kukubali hakutoshi, mtoto naye lazima akubali. Nikafika kwenye sentensi niliyoisoma mara nyingi kwa sauti ileile: taarifa zako zitatunzwa kwa siri, jina lako halitaandikwa, na hutatambulika. Nikamweleza kwa wema kwamba katika kitabu nitampa jina jingine.

Alinyamaza. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, akianzia kidole kidogo. Jina la kwanza alipewa kituoni, la mtakatifu wa siku aliyofikishwa, na la baba likawekwa la msamaria aliyemwokota, kwa kuwa fomu ilitaka jina la baba. La pili ni la shuleni, ambapo waliliandika vingine na likabaki hivyohivyo. La tatu ni la kwao, alilopewa na bibi siku alipozaliwa na ambalo alilisikia kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi. Akashika kidole cha nne.

"Na wewe dada unanipa la nne?"

Afisa ustawi aliinama kutazama simu yake. Mimi niliitazama fomu. Nilikuwa nafanya utafiti juu ya utambulisho, na ahadi yangu kuu kwa kila mtoto ilikuwa kwamba hatatambulika. Sisemi kwamba ahadi hiyo ni mbaya; mtoto aliyepotea na kupatikana ana sababu nyingi za kutotaka habari zake zisomwe na watu wasiomjua, na kama ningeandika jina lake leo ningekuwa nimemtendea ubaya ambao angeuelewa akiwa na miaka 20. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nimeitoa ahadi hiyo kama mtu anayetoa zawadi, bila kuuliza, kwa mtoto ambaye kila aliyewahi kumwandika alikuwa amempa jina bila kuuliza. Ibara ya 12 ya mkataba niliokuwa nikiunukuu kila ukurasa inasema mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Nilikuwa nimepanga kumsikiliza baada ya kusaini.

Nikamuuliza angependa niandike nini. Alifikiri kwa muda mrefu, hata bibi akaleta karanga tukala. Akasema, "Andika mjukuu." Nikasema wajukuu ni wengi. Akasema, "Ndiyo, lakini anayetafutwa ni mmoja." Usiku ule nilirudi kusoma habari za bibi wa Buenos Aires, zile nilizoziweka katika sura ya historia, na nikaihamisha sura yote kutoka ukurasa wa 14 hadi mwisho wa kazi.

Ningependa kusema kwamba tasnifu ilitoka hivyo. Haikutoka hivyo. Mtahini mmoja aliandika pembeni, kwa haki kabisa, kwamba washiriki wengine wote wameitwa kwa namba na haifai mmoja aitwe kwa neno la kifamilia, kwani msomaji anaweza kudhani nimejenga ukaribu usiofaa na mshiriki. Nilikuwa na siku kumi za kufanya masahihisho na hofu ya kukosa mahafali ya mwezi Novemba. Nikambadilisha akawa Mshiriki wa 11. Msimamizi wangu alisema nilikuwa na hoja ya kujitetea, na ni kweli nilikuwa nayo, lakini sikuitumia.

Baada ya mahafali nilikwenda kuwaona, nikiwa na nakala iliyojalidiwa na moyo mzito. Nilimwonyesha ukurasa, nikamweleza kuhusu namba, nikaomba radhi. Alisoma mistari miwili mitatu, akafunga. Hakuonekana kuumia. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia hata kidogo: je, kitabu hiki kinaweza kusaidia jina lake libadilishwe kabla ya kusajiliwa mtihani wa darasa la saba? Maana shuleni bado alikuwa na lile la pili, na cheti cha kuzaliwa kilikuwa na la kwanza, na mwalimu alikwisha kuwaambia kwamba jina litakaloingia kwenye mtihani ndilo litakalomfuata hadi chuo kikuu.

Nikamwambia hapana, kitabu hakiwezi. Nilisikia aibu ya aina mpya. Nilikuwa nimetumia kurasa nyingi kueleza kwamba utambulisho si karatasi, nikajiona nimevuka mahali ambapo watendaji wa ofisi hawajafika, na mtoto aliyenifundisha hilo alikuwa anahitaji karatasi, iliyo sahihi, kabla ya tarehe fulani. Hapo ndipo neno upesi la Ibara ya 8 liliponirudia. Tangu bibi alipomtambua kwa kovu ilikuwa imepita miaka mitatu, na katika miaka hiyo mtu pekee kutoka nje ya ukoo aliyekwenda kwao kuzungumzia jina lake, mara mbili tena kwa barua yenye mihuri, nilikuwa mimi, nami nilichukua majibu yangu nikaondoka.

Tulianza kuhangaika. Barua ya mtendaji wa kijiji ya kumtambulisha bibi, barua ya ustawi wa jamii kutoka mkoa ule mwingine, ambayo tuliisubiri muda mrefu, hati ya kiapo ya bibi mbele ya wakili, na nyingine ya mjomba. Karatasi moja ilirudishwa kwa kuwa tarehe haikulingana na nyingine. Nilijifunza mambo ya usajili ambayo hakuna aliyenifundisha darasani, hasa kwamba watu wa kaunta wengi ni wasikivu ukienda asubuhi na kwamba bibi anayeketi kimya kwenye benchi hufungua milango mingi kuliko nukuu ya mkataba.

Siku ya mwisho tulikuwa watatu mbele ya dirisha, bibi akiwa amevaa khanga yake mpya, mimi nimeshika bahasha. Karani alikuwa kijana mwenye haraka lakini mpole. Hakuniuliza mimi wala bibi, alimwuliza mtoto mwenyewe jina lake, naye akalitaja lote, matatu kwa mpangilio, la kwake, la mama yake na la babu. Karani akaandika. Mtoto akainuka kwa vidole vya miguu ili aone juu ya kaunta.

"Kuna h hapo," akasema.

"Hapo wapi?"

"Baada ya n. La babu."

Karani akatazama alichoandika, akamtazama bibi, ambaye hasomi lakini alikubali kwa kichwa. Akasema fomu hairuhusiwi kuwa na mkato. Akaichana, akavuta nyingine kutoka chini ya meza, akainyoosha kwa kiganja, akaanza upya tangu mstari wa kwanza.